Safu ya miti kwenye avenyu ya Lubumbashi: kupima, kuchagua, kupanda na kulea

Kabla ya kununua mche hata mmoja, chukua kamba ya mita 20, chokaa kidogo, na mtu wa kukushikia ncha ya pili. Pima avenyu kutoka ukuta hadi ukuta, si lami peke yake. Andika upana wa njia ya magari, upana wa kanivo (mfereji wa maji ya mvua), na ardhi inayobaki kati ya kanivo na ukuta wa parsele (kiwanja cha nyumba). Kisha inua macho: nyaya za umeme za SNEL zinapita upande gani? Halafu uliza bomba la maji la Regideso limelazwa wapi. Kama hakuna anayekumbuka, tafuta vifuniko vya chuma, na utazame majani ya kando ya njia mwezi wa Agosti. Pale yanapobaki mabichi wakati kila kitu kingine kimekauka, bomba liko hapo, na pengine linavuja.

Kazi hii haizidi saa moja. Mche uliowekwa mahali pabaya hauonyeshi kosa lake mapema. Unangoja miaka 10 au 15, mpaka uwe mkubwa wa kutosha kumuudhi mtu mwenye msumeno.

Ardhi ya nje ya ukuta si yako, hata kama unaifagia kila asubuhi. Pita kwa shefu wa kartiye (mtaa), kisha ofisi ya mazingira ya komini (manispaa), ukiwa na mchoro wako mkononi. Ongea pia na kila parsele itakayopata mti mbele ya lango lake. Mti uliopandwa bila mwenye lango kukubali hufa kiangazi cha kwanza, na mara nyingi si kwa kiu peke yake.

Kinachoipa avenyu sura

Mti wa avenyu si mti wa parsele. Mwembe wa nyumbani unaruhusiwa kugawanyika chini, kuinamia upande wowote, kukaa peke yake kama mzee wa familia. Mti wa safu unatakiwa ufanane na jirani yake. Sura ya avenyu hutoka kwenye mambo matatu: aina moja ya mti kwa urefu wote wa safu, umbali ulio sawa, na mashina marefu yasiyo na matawi mpaka juu ya kichwa cha mtu. Ukikosa moja kati ya hayo, utapata miti mingi, ila safu hutaipata.

Ndiyo maana zawadi ya miche mchanganyiko, jakaranda 3, mikalitusi 4, miparachichi 2, ni zawadi ya kuigawa kwenye parsele. Usiitawanye barabarani. Kama kartiye inataka aina tatu, ipe kila avenyu aina yake. Mgeni ataelekezwa "ingia ile ya flamboya" na atafika.

Je, unataka matawi ya pande mbili yakutane juu yafanye paa? Linganisha umbali kati ya safu mbili na upana wa kichwa cha mti mkubwa. Jakaranda iliyokomaa hutanua matawi mita 8 hadi 12. Safu zikiwa mita 10 kutoka shina hadi shina kuvuka barabara, zitakutana. Zikiwa mita 20, hazitakutana kamwe. Hapo ni afadhali kila safu isimame yenyewe, na uikaze kidogo, mita 7 au 8 kati ya mti na mti, ili ionekane kama ukuta wa kijani.

Kama miche inatosha upande mmoja tu na avenyu inakwenda kaskazini-kusini, panda upande wa magharibi. Jua la saa tisa alasiri ndilo linalochoma, na kivuli cha upande huo ndicho kitakachoiangukia njia wakati watoto wanarudi shule.

Aina zipi

Jakaranda ndiyo mti ambao watu wa Lubumbashi huwaza kwanza. Asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za Argentina na Bolivia, lakini uwanda wetu wa mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, wenye kiangazi kirefu na usiku wa baridi mwezi wa Juni na Julai, unaifaa sana. Inapukutisha majani mwishoni mwa kiangazi na kuchanua zambarau Septemba na Oktoba, kabla majani mapya hayajajaa. Uzuri wake na kasoro yake viko hapo hapo: Oktoba ni mwezi wa joto kali, na jakaranda wakati huo ina maua tele na kivuli haba. Maua yakianguka juu ya lami na mvua ya kwanza ikayakuta, yanateleza na kuziba kanivo. Yafagiwe kila siku kwa muda wa wiki tatu hivi. Umbali: mita 8 hadi 10 kati ya mti na mti, mita 3 kutoka ukutani.

Flamboya, mti wa Madagaska, huchanua nyekundu mvua zinapoanza. Kichwa chake ni mwavuli mpana, mara nyingi mpana kuliko urefu wa mti wenyewe. Mizizi yake mikubwa hukimbia juu juu na kuinua saruji, kwa hiyo usiipande chini ya mita 6 kutoka ukuta au tanki la choo. Umbali mita 12. Kwenye avenyu nyembamba za komini za Kamalondo au Kenya hapa mjini haina nafasi. Kwenye njia pana zenye ardhi ya kutosha kando haina mpinzani.

Mwembe hutoa kivuli kizito mwaka mzima, hata Oktoba. Lakini maembe yakianza kuiva, mawe huanza kuruka, na kioo cha gari la jirani hakijui kukwepa. Mahali pake ni ndani ya ukuta, matawi yakichungulia nje. Jakaranda nje na mwembe ndani: mchanganyiko huo unaziba pengo la kivuli la Oktoba bila kuharibu safu.

Mjohoro una maua ya manjano, hauvui majani yote, na hukua haraka. Umbali mita 6 hadi 8. Grevilea ya Australia husimama wima kama mlingoti, inaweza kukaa mita 5 kwa 5, na inafaa avenyu nyembamba isiyo na nyaya, ila majani yake makavu hayaishi kudondoka na matawi hukatika kwa upepo.

Chini ya nyaya, sahau yote hayo. Weka miti inayokoma mita 5 au 6: bohinia yenye majani ya umbo la kwato, au franjipani. Usiweke mti wa tarumbeta za manjano wenye utomvu mweupe ambao watu hupenda kwa ua. Mbegu zake ni sumu kwa moyo, na watoto huzichezea.

Mikalitusi, mikuyu na ndugu zake wote, usiwalete karibu na bomba. Kalitusi hudondosha matawi bila onyo. Mkuyu hutafuta unyevu wa mfereji na kuuvunja. Mparachichi una matawi mepesi kuvunjika, na matunda yake yakianguka kutoka mita 8 yanaumiza.

Na miti ya kwetu, ya miombo? Mupundu na masuku ni miti ya heshima, lakini inakwenda polepole. Masuku haistawi kwenye udongo wa pepinyeri (kitalu cha miche) peke yake, kwa sababu mizizi yake inaishi kwa ushirika na kuvu waliomo ardhini. Ukitaka kuijaribu, changanya kwenye kifuko chake udongo uliochotwa chini ya masuku kubwa ya porini, takriban sehemu 1 kwa 3. Bila hivyo mche unabaki wa njano na mfupi. Kwa avenyu ya makazi, ijaribu kwanza kwenye kipande cha mita 50.

Mche

Kwa barabarani tafuta mche wa mita 1.5 hadi 2, shina la unene wa kidole gumba, na ncha moja ya juu isiyovunjika. Mrefu mwembamba kama fito umekaa kivulini mno, utapinda. Uliza umekaa kwenye kifuko muda gani, kisha uutoe mmoja utazame mizizi. Ikiwa imejizungusha chini kama kamba ya ndoo, mche huo utajinyonga wenyewe baada ya miaka. Mizizi michache ya kuzunguka unaweza kuikata kwa wembe, mistari mitatu ubavuni kutoka juu hadi chini. Ikiwa imekuwa migumu kama waya, mrudishie mwenye pepinyeri.

Kuotesha mwenyewe ni rahisi. Mbegu za jakaranda, zile nyembamba zenye mbawa, loweka siku moja, funika kwa udongo kidogo tu, nazo huchipua kwa wiki 2 hadi 3. Mbegu ya flamboya ina ganda gumu: ikwaruze kwenye saruji upande usio na jicho, au imwagie maji ya moto na uiache mpaka kesho yake. Jua tu kwamba jakaranda ya mbegu inaweza kukaa miaka 7 hata zaidi ya 10 kabla ya kuchanua.

Shimo

Hapa ndipo safu nyingi zinapofia. Udongo wetu mwekundu ni laini juu, lakini chini kidogo unaweza kukutana na changarawe ya chuma iliyoshikana kama saruji. Ukichimba shimo la duara lenye kuta laini kwenye tabaka hilo, umetengeneza sufuria. Mvua za Desemba zitaijaza, mizizi itaoza, na majani yatanyauka ingawa maji yapo. Watu huona majani yamelegea, wanaongeza maji, na mti unakufa haraka zaidi.

Chimba shimo la mraba, mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 60. Pembe za mraba husaidia mizizi itoke nje badala ya kuzunguka. Udongo wa juu, sentimita 20 za kwanza, weka upande mmoja. Wa chini upande mwingine. Vunja sakafu na kuta kwa mtaimbo, ziwe na nyufa. Kisha mwaga maji ndoo 5, urudi kesho. Yakiwa yamezama, endelea. Yakiwa bado yamesimama baada ya saa 24, chimba zaidi mpaka upenye tabaka gumu, au panda juu ya tuta la sentimita 25 hadi 30, au hamisha shimo mita moja au mbili na usogeze safu yote pamoja nalo.

Kujaza: ndoo 3 za udongo wa juu kwa ndoo 1 ya mbolea ya ng'ombe au kuku iliyooza kabisa, ambayo haina harufu kali tena na haina joto ukiingiza mkono. Mbolea mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Udongo wa kichuguu, ule wa wafyatua matofali, una mfinyanzi na chokaa ya asili. Ukiuchanganya, usipite robo ya mchanganyiko, maana peke yake hushikana.

Upande wa kaskazini-magharibi wa bomba kuu la moshi la kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba, upepo ulimwaga moshi kwa miongo mingi, na udongo wa juu una shaba nyingi kuliko mizizi inavyoweza kuvumilia. Dalili ni majani machanga kugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, na mizizi mifupi myeusi. Hapo ondoa sentimita 20 za juu kabisa, usizirudishe shimoni. Tumia udongo wa kichuguu kutoka mbali, mbolea nyingi, na kilo 1 ya unga wa mawe ya chokaa kwa kila shimo. Chokaa hupunguza ukali wa udongo, na shaba inashikwa isiingie kwenye mizizi kwa urahisi.

Siku ya kupanda

Usipande kwa mvua ya kwanza ya Oktoba. Mvua hiyo hudanganya. Inaweza kufuatwa na wiki mbili za jua. Ngoja mpaka udongo uwe umelowa sentimita 30 kwenda chini, ambayo kwa kawaida ni kati ya katikati ya Novemba na mwisho wa Desemba. Januari bado inawezekana. Mche wa Machi utaingia kiangazi na mizizi ya mtoto mchanga.

Toa kifuko cha plastiki chote. Hili linasemwa kila mwaka, na kila mwaka miche iliyokufa ikifukuliwa inakutwa bado imevaa plastiki yake. Weka mche mahali ambapo shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, itakuwa sawa na ardhi ya kando. Ukizika shingo, gome linaoza. Jaza nusu, mwaga maji ndoo 1, jaza tena, kanyaga kwa kisigino kwa upole. Tengeneza birika la kipenyo cha mita 1 lenye ukingo wa sentimita 10. Wakati wa mvua kubwa fungua ukingo upande mmoja maji yatoke, ufunge Aprili.

Panga safu kwa kamba, si kwa macho. Piga alama za chokaa zote kwanza, simama mwisho wa avenyu utazame, ndipo uchimbe. Ruka mita 10 kutoka kila kona ya njia panda ili madereva waonane, na mita 5 kutoka kila nguzo.

Mche ufungwe kwenye vigingi 2, kimoja kila upande, kwa ukanda wa mpira wa gurudumu la baiskeli uliopindwa kama nambari 8. Usitumie waya, hata uliofunikwa kitambaa. Kigingi cha mti mkavu kitaliwa na mchwa kabla ya Juni. Choma ncha yake ya chini mpaka iwe nyeusi kama makaa, au tumia chuma cha ujenzi. Vigingi vitoke baada ya mwaka mmoja na nusu, maana shina lisilotikiswa na upepo halinenepi.

Kiangazi cha kwanza, cha pili na cha tatu

Kutoka Mei hadi Oktoba mche unakutegemea wewe. Kiangazi cha kwanza: lita 20 kila baada ya siku 5 hadi 7. Cha pili: lita 40 kila wiki 2. Cha tatu: lita 60 mara 1 kwa mwezi. Baada ya hapo jakaranda, flamboya na mjohoro hujitegemea. Maji mengi kwa nadra ni bora kuliko kikombe kila jioni; kikombe hulowesha vumbi la juu na kuifundisha mizizi kukaa huko.

Njia isiyopoteza maji: toboa tundu moja la msumari chini ya bidoni (dumu) la lita 20, liweke ndani ya birika, lijaze jioni. Litadondosha polepole, na asubuhi utalikuta tupu. Bidoni moja linahudumia miti 6 kwa wiki ukilihamisha kila siku. Maji ya kufulia si mabaya mara moja moja. Yenye javeli, dawa ya kung'arisha nguo, hapana.

Funika birika kwa majani makavu sentimita 5, lakini acha duara tupu la sentimita 15 kuzunguka shina. Majani yanayogusa gome ni daraja la mchwa. Angalia kila wiki kama kuna njia za udongo zinazopanda shina. Zivunje kwa mkono, mwagilia, safisha. Mchwa wetu wengi hula kilichokufa kwanza, na mche wenye kiu wanauhesabu kama umekufa.

Mbuzi wanahitaji uzio wa urefu wa mita 1.5: miti 4 na matawi yenye miiba, au matofali yaliyopangwa kwa kuacha matundu. Moto unahitaji maneno. Taka zikichomwa mita 1 kutoka shinani, gome linapikwa upande mmoja. Mti huonekana mzima mwaka mzima kisha hukauka nusu. Onyesheni mahali pengine pa kuchomea kabla hamjapanda.

Kukata matawi

Kazi ya miaka 6 ya kwanza ni kuinua kichwa. Acha ncha moja tu iongoze. Ikitokea ya pili inayoshindana, ifupishe nusu. Matawi ya chini yaondolewe kidogo kidogo, kila mwaka mawili au matatu, kichwa kikibaki theluthi 2 ya urefu wa mti. Lengo ni shina tupu la mita 2.5 upande wa waenda kwa miguu na mita 4.5 upande wa malori. Usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja.

Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza chini, sentimita 30 kutoka shinani, theluthi ya unene. Kisha juu, sentimita 5 mbele ya hapo, mpaka lianguke. Mwisho kata kisiki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio mahali tawi linapotokea, kwa maana ndiyo tishu inayofunga kidonda. Usipake lami wala rangi ya mafuta. Chokaa ya maji kwenye shina, ile nyeupe inayosaidia madereva usiku, haina shida.

Jakaranda huweka maua kwenye ncha za matawi. Anayepunguza ncha zote Agosti amekata Septemba yake. Toa matawi mazima, Juni au Julai, na machache. Na usiikate kichwa. Jakaranda iliyokatwa katikati hujibu kwa fimbo nyingi zilizosimama wima, zenye mizizi hafifu kwenye gome, na mwavuli wake wa asili haurudi. Ikiwa nyaya zimeshafikiwa, waiteni wenye nyaya. Usikwee mti na panga.

Safu ya zamani yenye mapengo

Mti mzee ukaguliwe Septemba, kabla ya dhoruba za kwanza. Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini: sauti ya ngoma ni tundu. Tazama uyoga kwenye shingo, udongo ulioinuka upande mmoja, matawi makavu juu ya njia. Tundu pekee si hukumu ya kifo, lakini tundu pamoja na uyoga na kuinama, mwite mkataji.

Pengo lijazwe kwa aina ile ile, kwenye mstari ule ule, mita 1.5 hadi 2 kutoka kisiki, baada ya kung'oa mizizi minene. Kisiki kikibaki, mchwa watakimaliza kwanza kisha wahamie kwa jirani. Mche ulio chini ya vivuli vya wakubwa wawili utajinyoosha kutafuta mwanga na kupinda. Punguza tawi moja la kila jirani kuufungulia anga. Kama zaidi ya theluthi ya safu imechoka, usijaze pengo moja moja. Kata na upande upya upande mmoja wa avenyu, ungoje vichwa vifike mita 6, ndipo uguse upande wa pili.

Saruji iliyomwagwa mpaka shinani ivunjwe mraba wa mita 1.5, kwa nyundo na patasi, bila kukata mizizi mikubwa kuliko kifundo cha mkono. Weka changarawe mahali pake. Misumari ya mabango ya dawa na nyumba za kupangisha ing'olewe ikiwa bado inatoka kwa mkono; iliyokwisha kumezwa na gome, iache humo, na umwambie mkataji wa siku zijazo ilipo.